Fundi Aliyemwajiri Bosi Wake

Swali lililoninyima usingizi mwaka ule ni hili: mtu asiyengojewa na yeyote, akichelewa, amechelewa kweli? Najua si swali la mtu aliyetulia. Lakini nililigeuza kila upande, nikalala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa na shahada, chumba cha kupanga Mtopanga, kompyuta niliyonunuliwa na mjomba, na kazi ya kujitegemea ya kunukuu rekodi. Watu hunitumia sauti za mahojiano, nami huzisikiliza na kuyaandika maneno yao. Hakuna aliyejua nimeamka saa ngapi. Hakuna aliyejua kama nimeamka. Palikuwa na mzigo mmoja mkubwa wa rekodi uliotakiwa Jumatatu, na nikiutimiza vizuri ningepewa kazi ya mwaka mzima. Jumatatu hiyohiyo mjomba alitaka niripoti Changamwe, kwenye ofisi ya yadi ya makontena, alikokuwa amenitafutia nafasi ya ukarani. Mjomba hakuficha sababu yake. Alisema mimi ni mtu wa kusimamiwa. Kilichoniuma si kwamba alinionea. Niliogopa kwamba amesema kweli.

Ndipo nikaanza kumfikiria Fundi.

Fundi alikuwa mume wa mwenye nyumba wetu. Alitengeneza makochi katika kibanda cha mabati kilichokuwa uani, na nilimjua tangu nilipohamia pale nikiwa bado nasoma. Sote tulimwita Fundi, hata mkewe, na hapa sitamwita vinginevyo. Nimewajua watu wengi waliojiajiri. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na bosi.

Bosi mwenyewe hakuwapo. Nalisema mapema ili msomaji asimtafute. Fundi alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha magodoro, chini ya wasimamizi waliopuliza filimbi, na kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani na ujuzi wake, akaanza kujifanyia kazi. Mkewe, ambaye sisi wapangaji tulimwita Mama, alinisimulia mwanzo huo ulivyokuwa. Fundi aliamka alipopenda. Alikaa barazani kwenye kahawa mpaka adhuhuri, akalala kidogo, akaamka akasema joto limezidi. Seti ya kwanza ya makochi aliianza Ramadhani moja na kuimaliza karibu na Ramadhani ya pili, na aliyeiagiza alikuwa ameshahama mji. Fundi alipoona hivyo alikaa kitako akafikiri, kisha akamwambia mkewe kwamba tatizo ni dogo. Kazi ipo, mfanyakazi yupo, kinachokosekana ni bosi. Kesho yake akamwajiri.

Nilimuuliza Mama alimwajiri nani.

"Alijiajiri mwenyewe," akasema. "Lakini usimwambie hivyo, mwanangu. Atakujibu bosi ni mtu mwingine, na atakasirika siku nzima."

Nyumba yetu ni ya Kiswahili, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mtu akipiga chafya chumbani kwa Fundi, aliyeko kibandani angeweza kumwombea rehema bila kupaza sauti. Hata hivyo Fundi hakuwahi kwenda kazini kwa kupita uani. Kila asubuhi alivaa shati la mikono mirefu, akalichomeka, akapaka viatu rangi, akamuaga mkewe na kutoka kwa mlango wa mbele. Alipita msikitini, akapita kinu cha kusaga, akawasalimu wanywa kahawa bila kukaa, akazunguka uchochoroni na kuingia uani kwa mlango wa nyuma, ana jasho la mtu aliyetoka mbali. Mama wakati huo yuko palepale uani anakaanga mahamri. Ilimbidi amsalimie upya na kumuuliza habari za njiani. Mkononi Fundi alishika bakuli la chakula alichofungiwa na Mama huyohuyo, na adhuhuri ikifika alikila kimepoa, ilhali chungu kilikuwa kikichemka mbele yake. Mama alisema chakula cha moto kilimnyima raha, kilimfanya ajihisi yuko nyumbani.

Lakini hayo yote ni madogo. Kubwa ni hodi.

Fundi alikuwa mtu wa adabu za kikwetu, na kwa adabu hizo mlango wa mtu hauingiwi hivihivi. Unabisha. Usipoitikiwa unabisha tena, kisha mara ya tatu, na ukikosa jibu unarudi ulikotoka bila kinyongo. Kwa kuwa kibanda ni mahali pa bosi, Fundi alibisha. Alisimama mlangoni akasema hodi, akanyamaza, akasikiliza. Siku nyingi, baada ya kitambo, sauti nzito kuliko yake ilitoka kifuani mwake ikisema karibu, naye akavua viatu na kuingia kwa heshima. Siku nyingine haikutoka. Alibisha mara ya tatu, akangoja, akatikisa kichwa, akazunguka njia yote ile kurudi nyumbani, akaingia kwa mlango wa mbele na kumwambia mkewe leo hakuna kazi.

Mara moja nilijipa ujasiri nikamuuliza kwa nini asijiitikie tu.

"Mimi nabisha," akasema. "Kuitikia ni kazi ya aliye ndani. Nikianza kujiitikia mwenyewe, si nitakuwa mwizi?"

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Nilianza kushuku kwamba lina mantiki, na hilo likanitisha zaidi.

Palikuwa na mama mmoja wa Frere Town aliyeagiza makochi kwa ajili ya arusi ya bintiye. Alikuja kuuliza maendeleo, akamkuta Fundi amekaa barazani saa nne asubuhi, shati limechomekwa, bakuli la chakula mapajani. Fundi akamweleza kwa huzuni kwamba leo bosi hakuitika.

"Bosi gani? Si ni wewe?"

"Ndiye mimi. Lakini sikuitika."

Yule mama alimtazama, kisha akamshika mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo. Akampitisha njia fupi, ukumbini, mbele yetu sote, mpaka mlangoni pa kibanda. Akabisha yeye. Fundi akasimama kando yake kimya, kwani naye alikuwa nje. Yule mama akangoja kidogo, kwa adabu, kisha akajaza hewa kifuani akajijibu mwenyewe, "Karibu!", akausukuma mlango na kumsukuma Fundi ndani. Fundi alifanya kazi mpaka magharibi. Makochi yalifika arusini kwa wakati, na watu waliyasifu. Ila yeye alilalamika kwa muda mrefu kwamba aliingizwa kazini na mtu asiye na mamlaka, na kwamba lingetokea jambo siku ile, nani angewajibika?

Msinione namcheka. Makochi yake yalikuwa mazuri. Ukikaa hukusikia mbao, na ukiinuka hukuacha shimo. Wateja hakuwahi kuwadanganya. Hakusema kesho njoo uchukue huku hajakata hata mbao. Katika mafundi hilo ni jambo adimu, na kwa ajili yake watu walivumilia mengine yote. Uongo wake wote aliuweka kwa bosi.

Huyo bosi ndiye Fundi aliyemdanganya kwamba ana homa. Mama alinisimulia jambo hilo akicheka mpaka akashika kiuno, ingawa nadhani siku lilipotokea hakucheka. Kulikuwa na maulidi Kisauni, Fundi aliomba ruhusa, bosi akamnyima. Kesho yake Fundi akalala kitandani, akajifunika shuka gubigubi, akatuma salamu uani kwamba hajiwezi. Baada ya muda akainuka. Akavaa miwani ya bosi, miwani ya kusomea iliyobakia kioo kimoja, ambayo ndiyo iliyotujulisha nani anaongea nasi. Akatoka, akazunguka kwa mlango wa nyuma, akaja mpaka chumbani kumkagua mgonjwa. Akasimama akaitazama ile shuka. Ilikuwa tupu, bila shaka. Mama anasema alisimama pale kitambo kirefu, kisha akasema kwa uchungu wa kweli, "Nilijua."

Fundi alipewa onyo. Alilipokea ameinamisha kichwa, na kwa siku kadhaa hakuwa na hamu ya kula.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba hampendi bosi wake. Mwanzo nilidhani ni mchezo wa mzee, na mtu akicheza huchagua wa kucheza naye. Lakini yule bosi alikuwa mkali, bahili wa maneno, hana shukrani. Alikuwa na kiti chake kibandani, kizuri kuliko vyote, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia. Kuna bwana aliyekipenda akataka kukinunua. Fundi akamwomba asubiri, akaenda kuuliza, akarudi akasema imekataliwa, na usoni alionyesha kabisa kwamba yeye angekiuza. Nikawaza, mbona asimwajiri bosi mpole? Nikajijibu kwamba bosi mpole asingemtoa kitandani. Nikajijibu tena kwamba hata huyu mkali hakuweza. Nikaacha, kwa sababu ilikuwa saa sita mchana na sikuwa nimeandika neno lolote.

Kisha ukaja mgomo.

Chanzo chake ni redio. Fundi alizoea kufanya kazi akisikiliza redio ndogo, mipira na dua na matangazo ya vifo. Bosi akaona inapunguza kasi, akaipiga marufuku. Fundi alivumilia siku chache, kisha akatangaza, barazani, mbele ya mashahidi, kwamba amegoma. Haingii kibandani mpaka redio irudi.

Katika wapangaji wenzangu alikuwapo Omondi, kijana kutoka bara aliyefanya kazi kiwandani Changamwe na ambaye wenzake walimchagua awe msemaji wao mbele ya waajiri. Ungedhani angecheka. Omondi alilichukua jambo hilo kama alivyoyachukua ya kiwandani. Alisema mgomo usiosimamiwa vizuri unaua mfanyakazi, na jioni ileile akaitisha kikao ukumbini. Akaweka viti viwili vikitazamana, yeye katikati, sisi wengine tumeegemea milango ya vyumba vyetu. Mama alikaa mkekani anachambua mchele. Hakuinua macho.

Omondi akaeleza msimamo wa wafanyakazi kwa ufasaha, akataja miaka ya utumishi, joto la mabati, na haki ya binadamu kusikia nani kafunga bao. Kisha akamgeukia Fundi, "Sawa mzee, sasa hama. Tumsikie mwajiri."

Fundi akainuka, akavaa ile miwani, akakaa kiti cha pili. Kioo kimoja kiling'aa kwa taa.

"Huyu mtu," akasema, akikionyesha kiti alichotoka, "nimemvumilia vya kutosha."

"Hapo unatukana mwanachama wangu," akasema Omondi.

"Yeye ndiye aliyenitukana. Muulize aliniita nani juzi."

"Mzee, rudi kwa kiti chako kwanza. Ulimwita nani?"

Fundi akarudi, akavua miwani, akasema kwa aibu kwamba hilo hawezi kulitamka mbele ya wanawake. Mazungumzo yakavunjika. Omondi alitoka nje kuvuta hewa, na mimi nikaenda kulala nikijiuliza ni nani kati yao anayestahili huruma.

Mgomo uliendelea siku kadhaa, na jambo la ajabu ni lililotokea ndani yake. Mikono ya Fundi ilikataa kugoma. Siku ya pili alileta mbao ukumbini. Siku ya tatu alileta springi na sponji. Akaanza kuunda kochi palepale katikati ya nyumba, tangu alfajiri mpaka isha, redio imefunguliwa hadi mwisho, bila hodi wala shati la kuchomeka, kifua wazi na kikoi kiunoni. Kwenda chooni ilitubidi tuliparamie. Omondi aliumia sana.

"Mzee, unatuangusha. Mtu akigoma hafanyi kazi."

"Hii si kazi," Fundi akasema, midomo imebana misumari. "Hii ni ya kumkomoa."

Lilikuwa kochi bora kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Lilikuwa pana hata likashindwa kutoka mlangoni, ikabidi fremu ya mlango ing'olewe. Bosi alipoliona, akiwa na miwani yake, alilizunguka mara mbili, akasalimu amri. Redio ikarudi. Fundi naye akarudi kibandani, kwa hodi, kwa viatu vilivyopakwa rangi, na kasi yake ikarudi ilivyokuwa, kochi moja kwa siku nyingi.

Nilikuwa na kila ushahidi mbele ya macho yangu, tena ulinizibia njia ya chooni, na bado nilielewa kinyume. Niliamua kwamba kilichonikosesha mafanikio ni bosi. Nikajiajiria wangu.

Bosi wangu alidumu asubuhi moja. Nilitoka chumbani, nikazunguka uchochoroni kama Fundi, nikabisha mlango wangu. Kwa kuwa bosi alikuwa mimi, alikuwa na wasiwasi kuliko mfanyakazi. Aliniitikia hodi ya kwanza kabla sijamaliza kuitamka, kisha akaniomba radhi kwa kuniharakisha. Akaniuliza kama nimelala vizuri. Nilipomwambia sikulala, akaniuliza kama ni kosa lake. Tulizungumza hilo mpaka saa tano. Mwisho alinipa mapumziko ya kiafya, na nilipokuwa nalala nilimhurumia, maana nilijua na yeye hana mtu wa kumwambia shida zake.

Haukupita muda mrefu baada ya hapo Fundi akastaafu. Alifikisha miaka ya kustaafu na bosi akamwambia sheria ni sheria. Kulikuwa na sherehe uani, pilau na sharubati. Bosi alivaa miwani akatoa hotuba fupi, ya kwanza yenye maneno mazuri tuliyowahi kumsikia akisema, kuhusu mtu aliyefika kazini kila siku, isipokuwa siku ambazo hakufika. Kisha Fundi akavua miwani akajibu hotuba, akashindwa kumaliza. Alilia kweli. Mama alimpa upindo wa leso yake afute uso. Zawadi ilikuwa saa ya ukutani, aliyoichagua mwenyewe dukani wiki ile na ambayo, alipoifungua, ilimshangaza.

Kesho yake alifungasha nguo akaenda kukaa kwa binti yake Mtongwe, ng'ambo ya Likoni. Alisema si heshima mstaafu kuzurura karibu na mahali pake pa zamani pa kazi. Mama alibaki na nyumba, akawa anavuka kwenda kumtazama kila Alhamisi. Kibanda kikafungwa. Nilidhani nitafurahia ukimya, maana sasa hakukuwa na nyundo wakati nikisikiliza rekodi. Badala yake nikawa natega sikio uani kila asubuhi, na sikusikia kitu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Jumamosi ile kabla ya Jumatatu yangu. Nilikuwa nimeandika labda nusu ya rekodi. Nilimweleza Mama habari za mjomba, akanisikiliza huku akifunga mahamri kwenye gazeti, kisha akanipa nimpelekee Fundi, na akasema nikafie huko na maswali yangu, yeye ana unga wa kukanda. Alisema kwa mapenzi. Nilibeba kompyuta begani, nikijidanganya kwamba nitafanya kazi njiani, nikavuka feri nikiwaza kama mtu anayebeba kazi bila kuifanya anahesabiwa yuko kazini.

Nyumba ya binti yake ilikuwa kimya. Mwenyewe yuko sokoni, akaniambia jirani, na mzee anapumzika, siku hizi anapumzika sana. Nikapita nyuma. Kulikuwa na stoo ya makuti iliyofungwa, na ndani yake nikasikia nyundo ikipigwa polepole, juu ya kitambaa, kama mtu anayegonga huku anaomba radhi.

"Hodi," nikasema.

Nyundo ikakoma. Nikabisha tena. Kimya. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa mara ya tatu niliposikia mnong'ono.

"Uko peke yako?"

Mlango ukafunguka kiasi cha jicho, kisha kiasi cha mtu. Nikaingia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Funga mlango."

Ndani kulikuwa na magunia ya makaa, kuku anayelalia mayai, na katikati kiti cha jirani kilichovuliwa kitambaa chote, mifupa nje. Fundi alikuwa kifua wazi na kikoi kiunoni, midomo imebana misumari midogo. Sikuwahi kumwona amenawiri vile. Alinionyesha kwa kichwa viti vingine viwili vilivyosubiri nyuma ya magunia, na meza isiyo na mguu. Watu wa Mtongwe walikuwa wakimletea kwa siri, jioni, wamevifunika kwa shuka. Hakuwaomba chochote. Yeye ndiye aliyewabembeleza walete.

"Usimwambie," akasema.

"Mama?"

"Mama anajua. Yule."

Nikashusha sauti, sijui kwa nini. "Kwani yuko wapi sasa?"

"Nimemwacha Mtopanga. Lakini simwamini." Akatega sikio kidogo upande wa nje, kisha akaendelea kugonga. "Mstaafu haruhusiwi kushika nyundo. Akinikuta hapa, wallahi sijui nitamwambia nini."

Nikakaa juu ya gunia la makaa nikamweleza yangu. Nilieleza jinsi ninavyoeleza mambo, kuanzia mbali, na sababu za kila sababu: rekodi, mjomba, yadi ya makontena, Jumatatu, kazi ya mwaka mzima, na hofu kwamba mimi ni mtu wa kusimamiwa. Sikujua kama ananisikiliza. Aliuliza mara moja tu kama yadi hiyo ina bosi mmoja au wengi. Nikamwambia wengi. Akasikitika.

Nilipomaliza alitoa misumari mdomoni, akaitia kiganjani.

"Hiyo kazi yako ya masikio. Ukikatazwa usiifanye, utaiiba?"

"Nikatazwe na nani?"

"Na yeyote. Na mjomba. Na serikali. Umeambiwa usiguse tena maisha yako yote. Utatafuta stoo?"

Kwa kawaida swali kama hilo lingenichukua wiki. Lakini nilikumbuka jambo la juzi yake. Katika rekodi zile, zilizohusu visima, alikuwamo bibi mmoja aliyeulizwa kisima chao kilichimbwa lini. Hakujibu. Alieleza badala yake jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikoroma, akaiga, mkoromo mrefu wenye ghorofa, kisha akanyamaza, na katika ukimya ule unasikia kijiko kikiwekwa juu ya kisahani. Maagizo niliyopewa yalisema wazi kwamba yasiyohusu visima nisiyaandike. Niliandika yote. Niliandika mkoromo, ukimya na kijiko, kisha nikarudi nyuma kusikiliza jinsi anavyolitaja jina la mumewe, nikarudi tena, mpaka muadhini akanishtua kwamba kumekucha. Sikuwa nimehesabu hiyo kuwa kazi. Nilijikaripia kwamba nimepoteza usiku.

"Nitaiiba," nikasema.

"Basi unaniuliza nini mimi? Nina viti vitatu hapa."

Nikampigia mjomba palepale, kabla sijaanza kupanga maneno. Nilimwamkia, nikamshukuru kwa kuniombea nafasi, nikamwambia sitaichukua. Nyuma yake nilisikia malori.

"Nani atakusimamia?" akaniuliza.

"Hakuna, mjomba."

"Na kazi utafanya?"

"Naifanya."

Akasema Jumatatu saa mbili atakuwa getini na mkuu wa ofisi, na nafasi kama zile haziokotwi barabarani, na mama yangu akisikia atalia. Nilimwomba asinisubiri, kwa kuwa siji. Alikata simu bila kuniaga. Mpaka leo hajanipa jibu la salamu zangu ila kwa kupitia watu.

Fundi alikuwa ameshayarudisha misumari mdomoni. Akanisukumia ncha ya kitambaa, akanionyesha pa kushika ili yeye avute upande wa pili.

"Siwezi, Fundi," nikasema. "Nina kazi."

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa huduma dirishani. Nilikuwa nimeshasimama na begi begani, makaa yamenichafua nguo. Akauma misumari, akaenda akafungua mlango kiasi cha jicho, akachungulia kulia, akachungulia kushoto, akanipa ishara nipite. Nilimsikia akianza kugonga kabla sijafika kona ya nyumba.

Jumatatu asubuhi nilituma kazi nzima. Mikoromo ya marehemu sikuipunguza.